Namsomea Mtoto

Ezekia alisinzia akiwa ukurasa wa nne. Kitabu kilimponyoka, kikaanguka sakafuni kwa kishindo, na baba yake, Mzee Asukile, ambaye macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando mweupe tangu mwaka uliotangulia, hakuhitaji kuambiwa.

"Amelala?"

"Amelala," alijibu mkewe, Tekla. "Mwache. Ametembea kutoka Mbeya mjini na unga kichwani."

"Kurasa nne, Tekla. Mtoto niliyempeleka shule mimi mwenyewe."

"Ulimpeleka akajifunze kuhesabu mapipa ya lami. Hayo anayahesabu vizuri."

Ilikuwa Jumapili ya kwanza ya Juni, mwaka 1956, na ukungu ulikuwa umeshuka Igawilo hadi kwenye migomba. Ezekia alifanya kazi ya barabara, akalala kambini, na kurudi nyumbani Jumapili moja katika mbili. Mzee alikuwa amemngoja kwa hamu. Kitabu kilikuwa kimefika wiki mbili kabla, kwa basi la shirika la Reli kutoka Iringa, kimefungwa kwa turubai na kushonwa kwa uzi wa gunia. Jalada lake lilikuwa limepotea zamani, na turubai hiyo ndiyo ilikuwa jalada. Kilikuwa riwaya ya kale ya Ulaya iliyotiwa Kiswahili, kurasa mia sita na arobaini, nayo ilitoka kwa Marcelino Kalinga wa Ipogolo.

Marcelino na Asukile walikuwa wamechambua barua pamoja posta ya Iringa kwa miaka kumi na tisa, Mhehe Mkatoliki na Mnyakyusa wa Moravian, meza moja, kikombe kimoja cha chai kingine kikivunjika. Barua iliyofuatana na kitabu Asukile aliijua kwa moyo, kwa maana Ezekia alikuwa amemsomea mara tatu.

"Ndugu yangu Asukile," Marcelino aliandika, "kila mwaka nilikuambia usome kitabu hiki, na kila mwaka ukasema utasoma ukistaafu. Umestaafu. Nakupa changu. Nakuonya, kurasa themanini za kwanza ni kama kupanda mlima wa Ipogolo na gunia la chumvi mgongoni. Mimi nilikiacha mara mbili. Wewe usikiache. Jumapili ya kwanza ya Juni nami nakianza upya, nitaazima cha misheni. Anza siku hiyo hiyo. Miguu yetu haiwezi tena kutembea pamoja, basi tutembee humo."

Marcelino hakujua kwamba rafiki yake haoni. Asukile hakuwa amemwambia. Mtu aliyesoma anwani za watu kwa miaka kumi na tisa aliona haya kusema kwamba sasa hawezi kusoma hata jina lake.

Tekla alikiokota kitabu, akapangusa vumbi kwa upindo wa khanga, akatoka nacho kupitia mlango wa nje na kuingia jikoni.

*

Jiko lilikuwa limeungana na chumba cha mzee, na katikati palikuwa na ukuta wa mianzi uliokandikwa kwa udongo. Udongo ulikuwa umeanguka hapa na pale. Tusekile, mke wa Ezekia, alikuwa akimenya viazi, na binti yake Subilaga, wa miaka miwili na nusu, alikuwa akiyakusanya maganda na kuyapanga kama watu kanisani.

"Mama Subilaga," alisema Tekla, "ulisoma hadi darasa la ngapi?"

"La sita, mama. Unajua."

"Najua. Nilitaka ulisikie mwenyewe." Akaweka kitabu juu ya kinu.

Tusekile alikitazama, kisha akautazama ukuta, akaacha kumenya. "Haiwezekani, mama," alisema kwa sauti ya chini.

Kwa Wanyakyusa mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hasemi naye, haketi naye chumba kimoja, na akikutana naye njiani huingia porini, akachuchumaa na kujifunika kichwa mpaka apite. Wamisheni walikuwa wamelihubiria jambo hilo miaka sitini, na Wakristo waliwaitikia kwa adabu, kisha wakaenda nyumbani na kuendelea kuchuchumaa. Maana ilisemwa kwamba mkwe akivunja heshima hiyo, yeye hapatwi na kitu. Hupatwa mtoto wake, kifuani.

Kwa miaka minne Tusekile alikuwa ameishi katika boma hilo bila kuuona uso wa mzee. Alimjua kwa kikohozi na kwa fimbo.

"Nani kasema utamsomea yeye?" Tekla alikaa juu ya kigoda, akaanza kupukuchua maharage. "Una mtoto. Msomee mtoto. Kama upande wa pili kuna mtu ana masikio, hujamwita wewe."

"Na shemeji Saulo akijua?"

"Saulo anakaa kule chini mtoni. Tangu awe mzee wa kanisa, huku hupanda akisikia harufu ya nyama tu."

Tusekile alicheka, akaziba mdomo kwa haraka, maana upande wa pili fimbo ilikuwa imegusa sakafu. Kwa miaka minne hakuwa amesoma kitu isipokuwa kitabu cha nyimbo na magazeti yaliyofungia sukari. Alipangusa mikono. Alikifungua kitabu ukurasa wa kwanza, akamvuta Subilaga mapajani, na kwa sauti iliyotetemeka kama ya mtoto wa shule mbele ya mkaguzi, akaanza.

*

Kitabu kilianza na daraja. Kurasa thelathini zilieleza mawe ya daraja, na nani aliyeyachonga, na mto unaopita chini yake unavyoganda wakati wa baridi. Kisha kikaeleza mtunza daraja, baba yake mtunza daraja, na babu yake. Subilaga alishuka mapajani siku ya kwanza na hakupanda tena. Alifukuza kuku. Mama yake aliendelea kumsomea.

Walisoma alasiri, baada ya shamba, wakati manyunyu yanapowafungia watu ndani. Palitokea desturi bila mtu kuipanga. Fimbo ikigonga mara moja, Tusekile alirudia sentensi. Ikigonga mara mbili, aliweka unyasi kwenye ukurasa na kufunga. Tekla alikaa katikati na maharage yake, karibu na ukuta, kama mpaka wa nchi mbili.

Jirani mmoja aliyekuja kuomba moto aliwakuta. "Unafanya nini, Tusekile?"

"Namsomea mtoto."

Jirani alimtazama mtoto, aliyekuwa nje amekalia beseni. "Haya," alisema. "Atakuwa askofu."

Kwenye ukurasa wa hamsini Tusekile alikiri kwa mama mkwe wake kwamba kitabu kinamchosha. Majina ni marefu, na watu hula chakula kurasa sita bila kusema neno la maana. Upande wa pili wa ukuta mzee alikohoa, na bila kumwambia mtu yeyote akasema, "Marcelino alisema themanini."

Kwenye ukurasa wa themanini na tatu mtunza daraja alikufa. Mjane wake, Veronka, alikamata funguo za lango kabla maiti haijapoa, ili serikali isimtoe nyumbani. Wiki hiyo hiyo mwanawe wa pekee, Pavili, alikamatwa kwa kosa la mtu mwingine na kufungwa katika ngome ng'ambo ya mto. Mama akawa anaiona ngome kila siku kutoka darajani, asiweze kuingia. Siku hiyo viazi viliungua. Hakuna aliyenung'unika. Mzee alivila na harufu yake ya moshi, na alipomaliza alisema tu, "Kumbe ndiyo sababu ya yale mawe yote."

Mwishoni mwa Julai walikuwa wamefika mia mbili na tisini, na mzee alitaka kumwandikia rafiki yake.

"Tekla," alisema kutoka upande wake, "sema hivi. Ndugu yangu Marcelino."

"Ndugu yangu Marcelino," Tekla alirudia, ingawa jiko zima lilikuwa limesikia. Tusekile aliandika.

"Nimepanda mlima wako. Veronka ni mwanamke mkaidi kama mama yangu."

"Veronka ni mkaidi kama mama yake. Alikuwa mkaidi kweli, Mungu amrehemu."

"Hilo usiandikishe, Tekla."

Waliendelea hivyo, mzee akisema, mkewe akirudia na kuongeza. Kisha sauti ya mzee ikashuka.

"Mwambie macho yangu yameisha. Mwambie mke wa mwanangu ndiye anayenisomea. Sauti yake ni safi, wala haruki neno. Mwambie bila yeye ningekuwa kwenye giza tupu."

Safari hii Tekla hakurudia. Kalamu ya Tusekile ilisimama juu ya karatasi. Mtu ambaye hakuwahi kumwambia hata asante ya uji alikuwa amemsifu, na yeye mwenyewe ndiye alipaswa kuiandika sifa hiyo. Aliwaza kuiacha. Ingekuwa rahisi, nani angejua? Lakini alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na tangu aolewe hakuna aliyemwambia kwamba ana kitu safi. Akaandika yote, neno kwa neno, kama yalivyosemwa.

*

Barua za Igawilo zilikuja kupitia sanduku la kanisa. Jumapili baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama chini ya ngazi na kuziita, na kwa kuwa wengi hawakujua kusoma, aliifungua kila barua na kuisoma pale pale mbele ya watu. Hakuna aliyeona ubaya. Habari za mmoja zilikuwa habari za wote, watu walilia pamoja na kucheka pamoja. Ila Marcelino, aliyekuwa ameishi mjini maisha yake yote, hakuujua utaratibu huo. Wala hakujua jambo la kuchuchumaa porini. Kwao Wahehe heshima ya mkwe ilikuwa na sura nyingine.

Jumapili ya pili ya Agosti Tusekile hakwenda kanisani. Subilaga alikuwa na siku tatu za kukohoa, na usiku uliotangulia kikohozi kilikuwa kimeingiwa na homa. Tekla alikwenda, akasimama nyuma na wanawake wenzake, na akasikia mwanawe Saulo akiita, "Barua ya baba! Kutoka Iringa!"

"Nipe nimpelekee," Tekla alisema.

"Taratibu, mama, tusikie salamu." Saulo alivaa miwani. Alikuwa na sauti nzuri, alijua hivyo. "Ndugu yangu Asukile. Barua yako imenitoa machozi, kwanza kwa ajili ya macho yako, halafu kwa furaha. Mimi nimefika mia tatu na kumi, naumwa kifua kidogo, nasoma kitandani. Tafadhali mpe salamu zangu za pekee mkwe wako, anayekaa nawe kila alasiri na kukusomea. Umeniandikia kwamba sauti yake ni safi, na kwamba bila yeye ungekuwa..."

Alisimama. Mtu mmoja alikohoa, na mahali fulani kati ya wanawake kicheko kidogo kilianza, kikakatwa.

"Malizia, mzee wa kanisa," kijana mmoja alisema. "Angekuwa wapi?"

Saulo aliikunja barua. Shingo yake ilikuwa imebadilika rangi.

"Na mtoto wao anaumwa," mwanamke mmoja alimwambia jirani yake, si kwa sauti kubwa, wala si kwa sauti ndogo. "Kifua, nasikia."

*

Wazee walikaa Jumanne, uani kwa Asukile. Walikuwa watano, watu wa rika lake, pamoja na Saulo na Ezekia, aliyeitwa kutoka kambini. Wanawake walikaa upande wa jiko. Subilaga alikuwa amelala mapajani kwa mama yake, akivuta pumzi fupi fupi, na mbavu zake zilionekana zikiingia na kutoka.

Tusekile alikuwa ameomba tangu Jumapili mtoto apelekwe hospitali mjini. Alimwomba Ezekia tena alipofika.

"Kaka anasema tumalize kwanza jambo," Ezekia alisema, akitazama viatu vyake. "Ukimpeleka jambo likiwa bado liko mwilini, dawa haitashika."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema tumalize upesi."

Sasa Saulo alisimama. Hakumtazama Tusekile. Alizungumza na baba yake kwa heshima, ameinamisha kichwa.

"Baba, hatukuja kukuuliza kwa ubaya. Tunataka kujua jambo moja, ili mtoto apone. Ulimwita wewe akusomee, au alijileta mwenyewe?"

Mzee Asukile alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, amevaa koti lake la posta. Wazee wenzake walimgeukia. Alikuwa amecheza nao utotoni, amelala nao banda moja, amezika nao wazazi wao. Alizisikia pumzi zao. Alijua kwamba akisema "nilimwita mimi," hadithi hiyo ingemfuata hadi kaburini. Wangesema Asukile, uzeeni, alimtamani mke wa mwanawe kwa masikio.

"Mimi nilikuwa chumbani kwangu," alisema. "Nilisikia mtu akimsomea mtoto."

Upande wa jiko Tekla alisimama. "Mimi ndiye niliyemwambia asome! Asukile, sema! Mimi nilimpelekea kitabu kwa mikono hii!"

"Mama, wanawake hawajaulizwa," Saulo alisema.

"Nimekuzaa, Saulo, hukuniuliza!"

Mzee mmoja alitaka kucheka, akajizuia. "Anamkinga mkwe wake," alisema mwingine kwa upole. "Ni mama mwema."

"Na barua?" Saulo aliendelea. "Huyo wa Iringa anasema aliandikiwa. Sauti safi, na mengine. Nani aliiandika barua hiyo?"

Fimbo ya mzee ilikuwa imelala magotini mwake, haikugonga.

"Ni mimi," alisema Tusekile.

Basi ikaonekana wazi. Mwanamke alikuwa amejiandikia sifa zake mwenyewe na kuzituma Iringa kwa jina la mzee kipofu. Wazee walitikisa vichwa. Hata mchungaji, Saulo alisema, alikuwa ameulizwa, naye alijibu kwamba desturi si amri ya Mungu, lakini uongo ni dhambi popote.

Hukumu haikuwa nzito, kila mmoja alikubali hivyo. Mzee angehamia kwa Saulo kule chini. Kitabu kingechomwa, na angekichoma yeye Tusekile, kwa mkono wake, mbele ya watu. Akikataa, angerudi kwao Masoko, na mtoto angebaki, maana mtoto ni wa ukoo.

"Nikichoma," Tusekile aliuliza, "mtoto atakwenda hospitali leo?"

"Leo hii," alisema Ezekia, na kwa mara ya kwanza alimtazama.

Alimkabidhi Tekla mtoto. Aliingia jikoni, akatoka na kitabu, akakiweka juu ya makaa yaliyokuwa yameandaliwa uani.

Kitabu kinene hakiungui kikiwa kimefungwa. Turubai iliungua kwa moshi mweusi wenye harufu mbaya, kingo zikageuka kahawia, lakini ndani kilibaki kizima. Watu walingoja. "Kifunue," Saulo alisema. Ikabidi Tusekile achukue kijiti, apige magoti, na kuzifunua kurasa moja moja ili moto uingie. Alizigeuza kama mtu anayesoma. Unyasi wake ulikuwa kwenye ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, mahali Veronka amesimama kwenye lango la ngome na mkate chini ya shali, na mlinzi ameinua taa kumtazama usoni. Unyasi uliwaka kwanza. Baada ya hapo zilikuja kurasa ambazo hakuwa amezisoma, na kila moja ilijikunja mbele yake, maneno yakang'aa kidogo na kuwa meusi. Hakutaka kusoma. Macho yalisoma yenyewe. Karibu na mwisho yalinasa maneno mawili tu, "Pavili akacheka," kisha yakaenda.

Mzee alikuwa amegeuzia moto uso wake. Ni vigumu kujua kama kipofu analia kwa moshi au kwa jambo jingine.

*

Subilaga alilazwa siku tisa. Ilikuwa nimonia, daktari alisema, na mngechelewa siku moja zaidi nisingewaahidi kitu. Alichomwa sindano asubuhi na jioni. Siku ya sita aliomba ugali.

Igawilo walimshukuru Mungu, na wakasema moto ulifanya kazi. Tusekile aliporudi na mtoto mgongoni, wanawake walimpokea kwa upole unaotolewa kwa mtu aliyetoka jela. Jirani aliyewahi kuomba moto alimuuliza, "Sasa utamsomea nini?" Wengine wakacheka, naye akacheka nao, kwa kuwa kulikuwa na kuni za kuazimana na miaka mingi mbele.

Ezekia alirudi kambini. Kabla ya kuondoka alisimama mlangoni pa jiko kwa muda. "Ningeweza kusoma mimi," alisema. "Ile Jumapili ya kwanza. Nisingelala, yasingetokea."

"Ulikuwa umechoka," Tusekile alijibu. Lilikuwa jambo la kweli, nalo halikumsaidia hata mmoja wao.

Chumba cha mzee kilibaki kitupu. Wakaweka maua ya pareto humo, yakauke. Kila jioni Tekla alibeba bakuli la chakula na kushuka hadi mtoni kwa Saulo, maana mzee alikataa kula kilichopikwa huko. Alirudi kabla giza halijaingia, na aliloulizwa alijibu kwa neno moja. Anakula. Analala. Amenyamaza.

Mwishoni mwa Septemba barua nyingine ilikuja kutoka Ipogolo. Safari hii Saulo hakuisoma chini ya ngazi. Aliipeleka nyumbani, akamsomea baba yake peke yake, na Tekla, aliyekuwa amekaa na bakuli mlangoni, aliisikia. Ilikuwa ya Severina, binti wa Marcelino.

Baba yake alikuwa amefariki tarehe nne, kwa kifua. Alikuwa akingoja barua kutoka Igawilo. "Alifika mia tatu na kumi na kitu," Severina aliandika, "akasema hatapita hapo mpaka ajue mmefika. Tulimwambia aendelee, kitabu chenyewe alikuwa amekisoma zamani. Akasema, safari hii sisomi peke yangu. Misheni wamekuja kuchukua kitabu chao. Salamu nyingi kwa dada yangu anayekusomea."

Saulo alisoma hadi mwisho, hata salamu. Aliivua miwani, akaikunja barua mara nne, mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni, akaiweka mkononi mwa baba yake na kutoka nje kufunga ng'ombe ambao walikuwa wamekwishafungwa.

*

"Hajala leo," Tekla alisema aliporudi. Bakuli lilikuwa limejaa. Alikaa kwenye kigoda, pale pale karibu na ukuta, ingawa hapakuwa na mtu upande wa pili. "Hajala tangu jana."

Tusekile alikuwa akimwosha Subilaga miguu. Alikuwa amejifunza kutouliza habari za mzee. Wakati mwingine, akipukuchua mahindi, alilisikia tena lile neno, nilisikia mtu akimsomea mtoto.

"Yule mama wa darajani," Tekla alisema. "Aliingia?"

"Sijui, mama. Hatukufika."

"Wewe uliyafunua yote pale motoni. Uliona."

"Niliona maneno mawili."

"Mimi sijui kusoma hata moja. Mawili ni mengi." Tekla alivuta upindo wa khanga na kuufunga tena mahali ulipokuwa umefungwa. "Alikukosea. Nimemwambia. Nimemwambia kila jioni, nikiwa nimeshika bakuli lake. Hajibu. Leo amesema, angalau ningejua kama mlango ulifunguliwa."

Tusekile alimkausha mtoto vidole, kimoja kimoja. Alichukua muda mrefu kuliko miguu midogo kama ile ilivyohitaji. Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Kisha alimpandisha Subilaga mapajani, akamfunika kwa khanga, akakazia macho mikono yake mitupu.

"Veronka alikuwa amesimama langoni na mkate," alimwambia mtoto. "Mlinzi akainua taa. Akamwuliza, mama, kila siku ya soko unakuja, na kila siku nakurudisha, huchoki? Veronka akasema, nimechoka. Mlinzi akachukua mkate, akaukata katikati kuona kama kuna kitu ndani. Hapakuwa na kitu. Akamrudishia nusu moja, nusu nyingine akaingia nayo. Mlango ukafungwa. Veronka akabaki nje, kwenye baridi. Akatega sikio. Akakaa hapo mpaka mwanga ukaanza kupungua, halafu, kwa mbali, ndani ya mawe, akasikia mtu. Alikuwa Pavili. Pavili akacheka."

Subilaga alikuwa amelala. Tekla alikuwa ameuacha upindo wa khanga. Midomo yake ilikwenda kidogo, bila sauti, akiyapanga maneno kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Kisha akajitwika bakuli, akajifunika gunia kichwani kwa ajili ya mvua, akashuka tena mtoni.

Alikawia. Tusekile alilisikia gunia likikung'utwa mlangoni kabla ya kumwona. Tekla aliweka bakuli chini. Lilikuwa limeliwa nusu.

"Nimemwambia yote," alisema. "Sijaruka neno."

"Amesemaje?"

"Amesema hiyo haimo kitabuni."

Tusekile aliinamisha kichwa. Makaa yalikuwa yamefifia, na upande wa pili wa ukuta pareto ilinuka.

"Halafu?"

"Halafu akachukua fimbo," Tekla alisema, "akagonga mara moja."